Mwenda Msiri: mukuba mingi, baruti hakuna

Leo tunakumbuka maisha ya Mwenda Msiri, mwami wa Bunkeya. Jina lake kila mutu wa Katanga analijua. Lakini sisi watu wa mugoti tuko na sababu yetu ya kumukumbuka: alikaa juu ya mukuba miaka mingi, na baruti ikamushinda.

Msiri alizaliwa karibu mwaka 1830, upande wa Tabora, katika inchi ya Wanyamwezi. Jina lake la utoto lilikuwa Ngelengwa. Baba yake Kalasa alikuwa muchuuzi, alifika mpaka huku kutafuta mukuba. Karibu mwaka 1856 mutoto akafuata njia ya baba, pamoja na watu wachache na bunduki kidogo. Wakati ule huku watu walipigana na mishale na mikuki, kwa hiyo bunduki kidogo zilitosha. Akasaidia Basanga kupigana na Baluba, kisha akabaki, akajenga Bunkeya, akatawala Garenganze.

Zile bunduki zilijazwa kwa mudomo, sawa na pupu ya wawindaji wetu: unamwanga baruti, unaweka risasi, unashindilia na fimbo. Uzuri wake ni kwamba hazichagui chakula. Risasi za Wazungu zikikosa, wafundi wa Bayeke, wale wale waliovuta nyaya za mukuba, walifua risasi za mukuba. Kwa risasi, Bunkeya haikuomba mutu.

Lakini baruti haitoki ndani ya malakiti. Ilitoka Benguela kupitia Bihe, ao pwani ya Zanzibar. Kwa kuilipa Msiri alitoa mukuba, pembe za tembo na, tusifiche, watu pia. Alikamata watu juu ya kununua baruti, na alinunua baruti juu ya kukamata wengine. Ule muzunguko ulimupa utajiri, na njo ulimumaliza.

Mwaka 1890 Wareno walipiga vita Bihe, njia ya magharibi ikaharibika. Mwaka 1891 Basanga, wale aliowasaidia zamani, wakachoka na ugumu wake, wakaasi. Njaa ikaingia Bunkeya. Kila Muzungu aliyefika, Msiri alitaka amupatie baruti.

Desemba 1891 akafika kapiteni Stairs, ametumwa kwa ajili ya Leopold, pamoja na askari na wapagazi waliotoka Zanzibar. Bunduki zao zilikuwa za masasi: kifuko, baruti na risasi vyote pamoja, unaingiza kwa nyuma, unapiga mbio. Bunduki za namna ile zinachagua chakula. Masasi yakikwisha, unabaki na fimbo, hakuna mufundi wa kijiji wa kukufulia ingine. Lakini Stairs alikuja na masanduku yake, na Msiri baruti ilikuwa imemuishia. Alikataa bendera ya Leopold. Tarehe 20 Desemba, katika kijiji cha Munema karibu na Bunkeya, Bodson alimupiga akakufa. Bodson naye akapigwa palepale, akakufa.

Wengine wanasema ni masasi yaliyomushinda. Sisi tunaona yalikuja nyuma. Mukubwa anayeuza watu wake juu ya kununua nguvu, siku nguvu inakosa, hakuna anayesimama nyuma yake. Kama Basanga wangekuwa naye, Stairs angekuta inchi moja.

Tena tuangalie lile sasi lenyewe. Kifuko chake cha manjano ni karibu sehemu 70 za mukuba na 30 za zinki. Vyote viwili viko ndani ya udongo wa hapa kwetu Kipushi. Vinatoka vikiwa majiwe ao mukuba mubichi, na vinaweza kurudi ndani ya masanduku yaliyofungwa, mikononi mwa wale wanaotutisha katika vijiji. Msiri alijua kufua mukuba wake hapahapa. Kazi ile alianza vizuri. Kuuza watu, ile ndiyo tusirudilie, hata kwa bei gani.