Fridtjof Nansen na Pasipoti ya Wasio na Nchi

Sisi tukaao bwenini twajua thamani ya karatasi ndogo. Mwanafunzi akitaka kwenda mjini siku ya Jumamosi, hana budi kuwa na cheti cha ruhusa chenye sahihi ya mwalimu wa zamu. Akifika langoni bila cheti hicho, mlinzi humrudisha, hata kama amfahamu kwa jina. Kwetu hayo ni mambo ya saa chache tu, kisha twasahau. Lakini baada ya Vita Kuu ya Kwanza walikuwako katika Ulaya mamia ya maelfu ya watu waliokosa cheti cha kupita lango la nchi yo yote. Leo napenda kuwasimulieni maisha ya Bwana Fridtjof Nansen, aliyewapatia cheti hicho.

Nansen alizaliwa tarehe 10 Oktoba 1861, karibu na mji uitwao siku hizi Oslo, katika nchi ya Norwei. Baba yake alikuwa mwanasheria. Tangu utoto alipenda kuteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu zifungwazo miguuni. Alipokua alisoma elimu ya wanyama, akafanya kazi katika jumba la makumbusho la mji wa Bergen.

Mwaka 1888 yeye na wenzake watano walivuka barafu ya Greenland kwa miguu, jambo lililokuwa halijafanywa na mtu. Waliotangulia walianza upande wa magharibi wenye watu, ili wapate kurudi wakishindwa. Nansen alianza mashariki, mahali pasipo na msaada, ili pasiwe na njia ila ya kwenda mbele. Mwaka 1893 akasafiri tena kwa merikebu yake Fram, akaiacha igande katika barafu, ichukuliwe na mkondo wa bahari kuelekea Ncha ya Kaskazini. Mwaka 1895 yeye na Hjalmar Johansen waliiacha merikebu, wakaenda kwa mbwa na sileji hata nyuzi 86 na dakika 14, kaskazini kuliko mtu ye yote kabla yao. Kisha walikaa majira yote ya baridi katika kibanda cha mawe na ngozi, wakila nyama ya dubu. Mwaka 1896 watu wote 13 wa safari ile walirudi kwao wakiwa hai.

Huko kwenye barafu hapakuwa na mpaka wala askari wa kuuliza karatasi. Hata katika nchi nyingi za Ulaya ya magharibi, kabla ya mwaka 1914 msafiri aliweza kupanda gari moshi na kuingia nchi jirani bila pasipoti. Vita ilibadili mambo. Serikali zilitaka kila mtu awe na pasipoti, na mara nyingi viza pia, kwa kuogopa wapelelezi. Vita ilipokwisha, masharti hayo hayakuondolewa.

Wakati huo Nansen alikuwa amepita umri wa miaka hamsini, na angaliweza kukaa kwake akiandika vitabu. Lakini mwaka 1920 Shirikisho la Mataifa lilimwomba awarudishe makwao mateka wa vita. Alikubali, na kwa muda wa miaka miwili hivi zaidi ya watu 400,000 walirudi. Mwaka 1921 akapewa kazi nyingine, nayo ni kuwaangalia wakimbizi wa Urusi waliotoka kwao kwa sababu ya mapinduzi na vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwishoni mwa mwaka huo serikali mpya ya Urusi iliwavua wengi wao uraia.

Basi fikirini shida yao. Mkimbizi amesikia kuwa nchi jirani kuna kazi. Aenda kuomba viza, aulizwa pasipoti. Pasipoti hutolewa na serikali yako, naye hana serikali. Akivuka kwa siri, askari humkamata na kumrudisha mpakani. Na upande wa pili nao hawamtaki.

Mwezi wa Julai 1922 Nansen alizikutanisha serikali mjini Geneva, zikakubali cheti kipya. Kilikuwa karatasi moja tu, yenye jina la mtu na habari zake, lakini kilitosha kupigwa muhuri wa viza. Watu wakakiita pasipoti ya Nansen. Mwaka 1924 Waarmenia nao walipewa. Hatimaye nchi zaidi ya hamsini zilikitambua, na vilitolewa vyeti vipatavyo 450,000. Mchoraji Marc Chagall na mwandishi Vladimir Nabokov walikuwa miongoni mwa waliokichukua.

Si kweli kwamba cheti hicho kilimaliza taabu zote. Hapo mwanzo hakikumpa mtu haki ya kurudi katika nchi iliyokitoa, na maofisa wengi waliwadharau wenye nacho. Lakini asiye na kitu alipata jina lake juu ya karatasi.

Mwaka 1922 Nansen alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, na fedha zake akazitoa kwa kusaidia wenye shida. Alifariki nyumbani kwake tarehe 13 Mei 1930.

Siku hizi, kwa mapatano yaliyotiwa sahihi Schengen mwaka 1985, nchi nyingi za Ulaya zimeacha kuuliza pasipoti kwa kawaida katika mipaka iliyo baina yao. Hata hivyo wakimbizi wangaliko duniani, na Mkataba wa mwaka 1951 unaagiza wapewe hati ya kusafiria, ambayo ni mtoto wa karatasi ya Nansen. Nasi hatuko mbali na habari hii, kwa maana mwaka 1983 Mwalimu Julius Nyerere alipewa nishani yenye jina la Nansen kwa kuwapokea wakimbizi.

Ndugu wasomaji, wengi humsifu Nansen kwa kuvuka barafu. Mimi namsifu zaidi kwa kuwavusha wengine. Nasi tutakapokuwa makarani na maofisa, tukikalia meza yenye muhuri, tumkumbuke mtu asimamaye mbele yetu mikono mitupu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne