SHEIKH AL-AMIN BIN ALI MAZRUI: ALIYESOMA KISHA AKASHIKA KALAMU



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.T), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu msomaji, tuko katika mwezi ulioteremshwa Qur'ani. Sote twajua kwamba neno la kwanza kumfikia Mtume wetu (S.A.W) katika pango la Hira lilikuwa ni amri ya kusoma, na katika aya zizo hizo kalamu nayo ikatajwa. Kusoma na kalamu vimekuja pamoja. Lakini tukijitazama sisi vijana, twasoma kwa ajili ya mtihani, na mtihani ukiisha kitabu chafunikwa. Kuandika ndio usiseme! Kwa hivyo nimeona Ramadhani hii tumkumbuke mwanachuoni wa hapa hapa kwetu, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa. Jina lake wengi tumelisikia. Lakini ukimuuliza kijana alifanya nini, atakwambia alikuwa Kadhi Mkuu, basi, aishie hapo.

YATIMA WA MOMBASA

Sheikh Al-Amin alizaliwa Mombasa mwaka 1891, katika ukoo wa Mazrui uliotawala mji huo mpaka 1837. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah, alikuwa mwanachuoni mwenye msimamo, hata aliwahi kutiwa gerezani zama za Sayyid Barghash kwa ajili ya mambo ya dini. Baba huyo alifariki 1894, na mwanawe alikuwa hajatimiza miaka minne.

Mwaka wa pili yake, 1895, Waingereza wakatangaza himaya yao, na vita vikazuka baina yao na baadhi ya Mazrui wa Gazi na Takaungu. Vita vikaisha 1896, Mazrui wameshindwa. Hebu fikiria hali ya mtoto huyo. Baba hayupo, na ukoo uliokuwa na enzi na silaha umevunjika nguvu. Angeweza kukua na uchungu tu wa yaliyopotea.

Lakini Mwenyezi Mungu akitaka kheri humtayarishia mja wake sababu. Yatima huyu alilelewa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, ambaye naye alikuwa mwanachuoni na kadhi. Kwa mikono ya mzee huyu ndipo alipoanza kupanda daraja za elimu. Urithi wa mali na utawala ulikuwa umekwenda, ukabaki urithi wa vitabu.

DARSA ZA UNGUJA

Zama zile kitabu hakikuwa kitu cha kuokotwa. Vingine vilinakiliwa kwa mkono, vingine vikaja kwa vyombo vya baharini kutoka nchi za mbali. Mwanafunzi akikaa mbele ya sheikh wake asome kidogo, aelezwe, arudie, mpaka kitabu kiishe, kisha aanze kingine.

Kijana Al-Amin hakutosheka na darsa za Mombasa. Alifunga safari kwenda Unguja, ambako wakati huo palikuwa ndipo kitovu cha elimu ya dini katika pwani yetu. Huko alisoma kwa masheikh wawili wakubwa: Sayyid Ahmad bin Sumayt, mzaliwa wa Ngazija aliyekuwa kadhi wa Unguja, na Sheikh Abdallah Bakathir, mtu wa Lamu aliyekuwa na chuo chake mtaa wa Ukutani. Wote wawili walifariki mwaka 1925.

Mapenzi yake ya kusoma hayakukomea kwenye vitabu vya darsa. Tangu 1898 Sheikh Rashid Rida alikuwa akitoa jarida la Al-Manar mjini Cairo, na jarida hilo likifika mpaka pwani ya Afrika Mashariki. Sheikh Al-Amin akawa msomaji wake. Ndani yake alikutana na fikra za Sheikh Muhammad Abduh na wenzake, waliouliza swali zito: mbona Waislamu, watu wa elimu hapo zamani, sasa wako nyuma? Swali hilo lilimkaa moyoni, kwani alipoutazama mji wake aliona mambo yale yale.

KALAMU KWA LUGHA YA WATU

Sasa hapa ndipo penye funzo kubwa, vijana wenzangu. Wanavyuoni wa pwani wakati ule wakiandika mambo ya elimu waliandika kwa Kiarabu. Kiswahili kilikuwa lugha ya tenzi na mashairi, na ya kuelezea darsani kwa mdomo. Na Sheikh Al-Amin Kiarabu alikuwa nacho kwelikweli, hata historia ya ukoo wake wa Mazrui aliiandika kwa Kiarabu. Lakini alijua kwamba mvuvi, mwenye duka na mama aliye nyumbani hawatafaidika na elimu iliyofungiwa katika lugha wasiyoielewa.

Basi mwaka 1930, akiwa na umri wa miaka 39, alianza kutoa gazeti lake. Aliliita Sahifa, yaani ukurasa, na kweli lilikuwa ni karatasi moja tu iliyoandikwa mbele na nyuma, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Hakungoja kampuni wala mfadhili. Alianza na karatasi moja!

Aliandika nini humo? Aliwahimiza Waislamu wasome elimu ya dini na ya dunia pamoja. Aliwaambia kwamba watoto wa kike nao wana haki ya kusomeshwa. Aliwakanya na israfu katika arusi na matanga, na kuuza mashamba ya wazee wao, na kuiga mambo ya Wazungu yasiyo na maana huku wakiacha yale ya maana, kama elimu na bidii ya kazi. Si wote waliofurahishwa na maneno hayo. Mtu akiambiwa ukweli wa nyumbani mwake huumia. Lakini hakuitupa kalamu.

Mwaka 1932 alitoa gazeti la pili, Al-Islah, maana yake matengenezo. Hili lilikuwa kwa Kiswahili na Kiarabu. Halikudumu muda mrefu, kwani mwaka ule ule aliteuliwa kuwa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Hata hivyo kazi ya ukadhi haikumzuia kuandika. Aliandika vitabu vya mafunzo ya dini kwa Kiswahili, kikiwemo Hidayatul Atfal cha watoto wa madrasa, na makala za Sahifa zikakusanywa na kuchapishwa mwaka 1944 katika kitabu kiitwacho Uwongozi.

Kazi aliyoitaka zaidi ilikuwa kuifasiri Qur'ani kwa Kiswahili. Tafsiri iliyokuwapo ilikuwa ni ile ya padri Godfrey Dale, ya mwaka 1923. Yaani Mswahili Muislamu aliyetaka kusoma maana ya Kitabu chake kwa lugha yake alitegemea kazi ya mmishenari! Sheikh Al-Amin akaianza kazi hiyo, lakini mauti yalimfika Aprili 1947 kabla hajaimaliza. Sehemu aliyoiandika ilikuja kuchapishwa Nairobi mwaka 1980, kwa juhudi ya mwanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, ambaye pia aliwahi kuwa Kadhi Mkuu.

MTI ULIOENDELEA KUZAA

Alipofariki, aliacha mtoto wa miaka 14 jina lake Ali. Naam, huyu ndiye Profesa Ali Mazrui, aliyesomesha vyuo vikuu vya Afrika na Marekani na kuandika vitabu vilivyosomwa dunia nzima, mpaka alipofariki 2014 na kurudishwa kuzikwa Mombasa. Baba alikuwa yatima, na mwana naye akawa yatima. Wote wawili kilichowainua ni kusoma, kisha kuandika walichokisoma.

Na makala za ile karatasi moja je? Zilitafsiriwa kwa Kiingereza na kuchapishwa Ulaya mwaka 2017, na wanavyuo wanazisoma leo. Ukizisoma wewe utadhani zimeandikwa jana, kwa sababu maradhi aliyoyataja mengi bado tunayo.

Ndugu yangu, dada yangu, tuchukue mambo mawili. La kwanza, Sheikh Al-Amin alisoma miaka mingi kabla ya kuwaandikia watu. Leo twapenda kusema mengi kabla ya kusoma hata kidogo. La pili, alipokwisha kusoma hakujifungia na elimu yake. Aliwapelekea watu kwa lugha yao, kwa alichokuwa nacho mkononi.

Katika siku hizi za mwezi mtukufu, baada ya juzuu yako ya Qur'ani, tenga nusu saa ya kitabu kingine chenye manufaa. Kisha chukua daftari uandike ulichokielewa, hata kama ni mistari mitano. Na nyinyi wazazi, mnaponunua nguo za Idi, tieni na kitabu kimoja ndani ya mfuko. Mtoto atakayekiona kitabu nyumbani tangu mdogo hatakiogopa akiwa mkubwa.

Twamuomba Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh Al-Amin, ailaze roho yake mahali pema pamoja na waja wema, na atujaalie sisi elimu yenye manufaa na kalamu yenye kusema haki. Amin.

Ramadhan Karim.