Charles Babbage, Mtu Aliyetaka Mtambo Uhesabu

Sehemu hii ya Kiswahili katika gazeti letu imezoea kuleta maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufa zamani. Tumepata kusoma habari za wafalme, za wasafiri na za waganga. Safari hii nimemchagua mtu wa hesabu, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa haijamalizika hata siku alipozikwa. Wengi wa siku zake walimhesabu kuwa ameshindwa. Mimi nasema hakushindwa, na nitajaribu kuonyesha sababu, maana njia aliyoitegemea ingali inafanya kazi ndani ya kompyuta tunazozitumia, ingawa wengi wetu hatuioni.

Charles Babbage alizaliwa London, Uingereza, tarehe 26 Desemba, 1791. Baba yake alikuwa mtu wa benki mwenye mali. Mtoto mwenyewe alikuwa na afya dhaifu, lakini alipenda vitabu vya hesabu, akawa anajifundisha peke yake. Mwaka 1810 aliingia chuo cha Trinity huko Cambridge, na huko akaona kwamba hesabu zilizofundishwa zilikuwa nyuma ya zile za Ufaransa. Hakukaa kimya. Mwaka 1812 yeye na rafiki zake John Herschel na George Peacock walianzisha chama cha wanafunzi cha kuleta njia mpya za hesabu kutoka Ulaya. Mwaka 1814 alimaliza masomo, na mwaka huo huo akamwoa Georgiana Whitmore.

Ili tumwelewe, yatupasa kukumbuka jinsi watu walivyohesabu siku zile. Nahodha baharini, mpima ardhi, mjenzi wa madaraja na karani wa benki, wote walitegemea vitabu vya majedwali, ambavyo ndani yake namba zilikwisha kukokotolewa tayari. Vitabu hivyo vilikokotolewa kwa mikono ya watu. Neno lenyewe kompyuta wakati ule lilikuwa jina la mtu anayehesabu, wala si la mashine. Na mtu huchoka, husinzia, hunakili 3 badala ya 8. Mwaka 1821 Babbage na Herschel walikuwa wakilinganisha majedwali ya mambo ya nyota yaliyokokotolewa na watu mbalimbali, wakakuta makosa mengi mno. Babbage akachoka, akatamani hesabu zile zingefanywa kwa nguvu ya mvuke. Wengine wangecheka na kuendelea na kazi. Yeye alikwenda nyumbani akaanza kuchora mtambo.

Lakini mtambo wa magurudumu utazidishaje? Kujumlisha ni kazi rahisi kwa gurudumu la meno: ukilisogeza meno matatu, kisha meno mawili, limekwenda matano. Kuzidisha ni kazi ngumu zaidi. Hapo ndipo Babbage alipoishika njia ya tofauti, ambayo wana hesabu waliijua tangu zamani. Nitaieleza kwa mfano alioutumia yeye mwenyewe, na ningependa msomaji achukue kalamu.

Tuchukue namba yoyote, tuizidishe kwa nafsi yake, tuiongezee namba ile ile, kisha tuongeze 41. Tukianza na 0 tunapata 41. Kwa 1 tunapata 43, kwa 2 ni 47, kwa 3 ni 53, kwa 4 ni 61, kwa 5 ni 71. Sasa tutazame tofauti kati ya jibu moja na la pili yake: 2, 4, 6, 8, 10. Tena tutazame tofauti za tofauti hizo: 2, 2, 2, 2. Hazibadiliki! Basi tukitaka jibu la 6 hatuna haja ya kuzidisha kitu. Tunaongeza 2 juu ya 10, tunapata 12; tunaongeza 12 juu ya 71, tunapata 83. Hakikisha mwenyewe: 36 na 6 na 41 ni 83. Ukiwa na mwanzo ulio sahihi, jedwali zima litafuata kwa kujumlisha tu. Wazee walisema haba na haba hujaza kibaba. Hapa ndivyo ilivyo hasa.

Babbage alijua pia habari za Mfaransa mmoja, Gaspard de Prony, ambaye katika miaka ya 1790 alipewa kazi ya kutengeneza majedwali makubwa ya serikali. De Prony aliwapanga watu wake kwa madaraja. Wataalamu wachache walichagua kanuni, wengine wakatayarisha namba za mwanzo, na kundi kubwa la mwisho halikutakiwa kujua zaidi ya kujumlisha na kutoa. Babbage akaona kwamba kundi lile la mwisho laweza kuwa la chuma na shaba.

Mwaka 1822 alionyesha mfano mdogo wa Mtambo wa Tofauti. Chama cha wana nyota cha London kikampa nishani ya dhahabu mwaka 1824, na serikali ilikuwa imekwisha kutoa pauni 1,500 mwaka 1823 ili mtambo mkubwa uanze kujengwa. Fundi aliyeshika kazi hiyo ni Joseph Clement, bingwa wa vyuma. Mtambo ulihitaji vipande kama 25,000, na magurudumu mengi yalitakiwa kufanana kabisa, jambo lililokuwa gumu sana kwa karakana za siku zile.

Mwaka 1827 msiba ulimwangukia. Katika mwaka mmoja alifiwa na baba, na mke wake Georgiana, na watoto wawili. Aliacha kazi, akasafiri Ulaya, kisha akarudi. Mwaka 1828 alifanywa profesa wa hesabu wa Cambridge, katika kiti alichopata kukalia Isaac Newton.

Mwaka 1832 Clement aliunganisha sehemu moja ya mtambo, nayo ikafanya kazi bila kosa. Babbage aliiweka nyumbani kwake kuwaonyesha wageni. Lakini mwaka 1833 yeye na Clement waligombana juu ya malipo na mahali pa karakana, na kazi ikasimama. Haikuanza tena. Mwaka 1842 serikali ya Robert Peel ikajitoa kabisa, baada ya kutumia pauni zaidi ya 17,000. Wakati ule hizo zilikuwa fedha nyingi sana, wala siwezi kuwalaumu wale waliouliza matunda yake yako wapi.

Ni kweli pia kwamba Babbage mwenyewe alichangia. Tangu mwaka 1834 alikuwa amevutwa na wazo jingine kubwa kuliko la kwanza, nalo ni Mtambo wa Uchanganuzi. Huu haukuwa wa majedwali tu. Ungefuata amri zozote za hesabu zilizotobolewa katika kadi, kama zile zilizoongoza vitambaa vya Jacquard huko Ufaransa. Ulikuwa na mahali pa kuwekea namba, akapaita ghala, na mahali pa kuzifanyia kazi, akapaita kinu. Tena kadi ziliweza kurudishwa nyuma, ili kazi ile ile ifanywe mara nyingi juu ya namba mpya. Kurudia huko ndiko tunakokuita leo mzunguko wa programu.

Mwaka 1840 Babbage aliueleza mtambo huu mjini Turin. Luigi Menabrea aliandika habari zake kwa Kifaransa mwaka 1842, na mwaka 1843 Ada Lovelace, binti wa mshairi Byron, akazifasiri kwa Kiingereza na kuongeza maelezo marefu kuliko makala yenyewe. Katika maelezo hayo bibi huyo aliona jambo ambalo nataka tulishike. Alisema kwamba hesabu moja yaweza kupangwa kwa njia nyingi, na kwamba yatupasa kuchagua ile inayopunguza muda wa mtambo. Alisema hivyo wakati mtambo wenyewe haujakuwapo!

Sasa niruke zaidi ya miaka mia moja. Programu tunayoandika kwa maneno yanayosomeka na watu hugeuzwa kuwa amri ndogo ndogo za mashine na programu nyingine iitwayo kompaila. Hii ni kama mkalimani, lakini mkalimani mwenye akili: akiona kazi ya bure huiondoa. Mwaka 1957 kampuni ya IBM ilitoa kompaila ya lugha ya FORTRAN, iliyotengenezwa na kundi la John Backus. Waandishi wengi wa programu hawakuamini kwamba mashine itaweza kuandika amri nzuri kama zao. Kwa hiyo kundi lile lilitia bidii nyingi hasa katika mizunguko, maana huko ndiko muda mwingi huliwa.

Tuseme tuna kumbukumbu za wanafunzi 40, kila moja inachukua nafasi 12, na ya kwanza inaanzia nafasi ya 1000. Programu inahesabu wanafunzi 0, 1, 2 mpaka 39, na kila mara inatafuta mahali pa mwanafunzi kwa kuzidisha namba yake kwa 12 na kuongeza 1000. Kompaila ikitazama huona kwamba namba ya mwanafunzi inapanda kwa 1 kila mzunguko, kwa hiyo mahali pake panapanda kwa 12. Basi inafuta kuzidisha, inaanza na 1000 na kuongeza 12 kila mara: 1012, 1024, 1036. Kisha yaweza kwenda mbali zaidi. Kama namba ya mwanafunzi haina kazi nyingine, inaiondoa kabisa, na badala ya kuuliza kama tumefika 40, inauliza kama tumefika 1480. Frances Allen na John Cocke, wa IBM pia, ni miongoni mwa walioandika kanuni za kazi hii katika miaka ya 1970 na 1980. Msomaji ameona: ni ile ile njia ya tofauti, imehama kutoka kwenye magurudumu ya Babbage ikaingia ndani ya mkalimani.

Hata hivyo tusiifanye njia hii kuwa sheria ya milele. Katika chama chetu cha kompyuta hapa shuleni tuliandika programu mbili za kujaza jedwali refu la namba za desimali kwa kanuni kama ile ya 41. Moja ilizidisha kila mara, nyingine ilijumlisha tofauti. Wengi walitazamia ya kujumlisha ishinde. Ya kuzidisha ilimaliza kwanza. Sababu yake ni kwamba katika njia ya tofauti kila jibu hulingoja jibu lililotangulia, kama watu wanaopokezana ndoo moja. Lakini majibu ya kuzidisha hayangojani, na kompyuta ya leo yaweza kuzidisha namba nne au nane kwa mara moja, na kuanza nyingine kabla zile za kwanza hazijaisha. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tena, katika namba za desimali, kosa dogo la mwanzo hurithiwa na majibu yote yanayofuata.

Wala Babbage hakuwa mgeni wa jambo hili la kungojana. Katika mtambo wake alipanga kwamba nusu ya kwanza ya mzunguko nguzo za witiri zijumlishwe kwa pamoja juu ya jirani zake za shufwa, na nusu ya pili za shufwa juu ya za witiri, ili nguzo zote zisingojane moja baada ya moja. Hivyo aliuliza maswali yote mawili: kazi ipi ni nyepesi, na nani anamngoja nani. Mwandishi wa kompaila wa leo huuliza hayo hayo.

Miaka ya mwisho ya Babbage ilikuwa ya uchungu. Aliwachukia wapiga vinanda wa barabarani waliomvurugia fikira, nao wakaja makusudi kupiga mbele ya nyumba yake. Alifariki London tarehe 18 Oktoba, 1871. Lakini kati ya mwaka 1847 na 1849 alikuwa amechora Mtambo wa Tofauti wa pili, mwepesi kuliko wa kwanza, na michoro ikahifadhiwa. Mafundi wa jumba la makumbusho ya sayansi la London waliifuata, na mwaka 1991, miaka 200 tangu kuzaliwa kwake, sehemu ya kuhesabu ilikamilika. Wakazungusha mkono, na majibu yakatoka sahihi, kila moja la tarakimu 31. Mtambo wa kuchapa majibu ulimalizika mwaka 2002.

Kwa hiyo nasema hakushindwa. Wanafunzi wenzangu, wengi wetu tutaanza kazi ambazo hatutaona mwisho wake. Babbage alikosa fedha, alikosa subira na watu, lakini michoro yake aliiacha wazi kiasi kwamba wageni waliozaliwa baada yake waliweza kuisoma na kuimaliza bila yeye kuwapo kuwaeleza. Tukiandika programu, au kitabu cha hesabu cha chama, au ramani ya kisima, na tuandike hivyo.