Daktari wa Madras Aliyeingia Bungeni

Ukimuuliza mwanachuo yeyote ni kozi gani ngumu kuliko zote, kuna uwezekano mkubwa atakujibu udaktari. Ukimuuliza ni kazi gani chafu kuliko zote, atakujibu siasa. Kwa hiyo mtu akisota miaka yote ile mpaka akaupata udaktari, halafu akaenda kukaa na wanasiasa, tunamshangaa. Tunasema kapotea njia, au kafuata maslahi.

Toleo hili nawaletea habari za mama mmoja wa India aliyefanya safari hiyo karibu miaka mia moja iliyopita, anaitwa Dkt. Muthulakshmi Reddy. Wengi wanamtaja kama mwanamke wa kwanza kuwa mbunge katika India iliyotawaliwa na Mwingereza. Lakini sifa hiyo ya kuwa wa kwanza siyo iliyonifanya niandike. Nimeandika kwa sababu alijaribu kutibu kwa sheria jambo ambalo dawa haikuliweza, na baadhi ya wale aliotaka kuwatibu wakamwambia waziwazi kwamba dawa yake hawaitaki.

Binti wa Pudukkottai

Muthulakshmi alizaliwa tarehe 30 Julai 1886 Pudukkottai, dola ndogo ya kifalme kusini mwa India, sehemu ambayo leo iko katika jimbo la Tamil Nadu. Baba yake, Narayanaswami Iyer, alikuwa msomi na mkuu wa chuo cha pale, Maharaja's College. Alikuwa wa tabaka la Brahmin, yaani la juu kabisa. Mama yake, Chandrammal, alitoka katika jamii ya devadasi. Baba kumwoa mwanamke wa jamii hiyo kulimtenga na ukoo wake.

Hapa inabidi tusimame kidogo, maana bila kuwaelewa devadasi hutamwelewa Muthulakshmi. Hawa walikuwa wanawake waliowekwa wakfu hekaluni tangu utotoni. Binti alifungwa kidani shingoni kwa sherehe, na tangu siku hiyo akahesabiwa kuwa ameolewa na mungu wa hekalu lile, hivyo hakuolewa tena na mwanamume. Kazi yake ilikuwa kuimba na kucheza ngoma za ibada. Walisoma na kuandika wakati wanawake wengi hawakuruhusiwa kushika kitabu, walirithi mali kwa upande wa kike, na wengi waliishi kwa ardhi waliyopewa kwa ajili ya utumishi wao. Upande wa pili, wengi wao waliishia kuwa wapenzi wa matajiri na wakubwa, na mtoto mdogo hakuulizwa kama anayataka maisha hayo. Hadi kufika karne ya 20, watu wengi mjini waliwaita malaya bila kumumunya maneno.

Muthulakshmi alikua akijua kwamba upande mmoja wa damu yake unatoka huko.

Darasani

Alipovunja ungo, desturi ilitaka atolewe shule na atafutiwe mume. Mama alitaka hivyo. Baba hakutaka kipaji kile kipotee, akaendelea kumfundisha nyumbani, na mwaka 1902 binti akafaulu mtihani wa kumaliza sekondari akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Sisi wa elimu tunapenda sana kubishana kama shule ni majengo au ni mwalimu. Muthulakshmi ni ushahidi wa upande mmoja.

Akaomba nafasi pale pale Maharaja's College, chuo cha wavulana watupu. Zogo likaanza. Wapo waliosema atawaharibu wavulana, wapo waliotishia kuwatoa watoto wao. Mtawala wa Pudukkottai, Maharaja Martanda Bhairava Tondaiman, ndiye aliyekata shauri: aingie. Akaingia, msichana peke yake katika chuo kizima.

Mwaka 1907 alijiunga na Chuo cha Udaktari cha Madras. Chuo hicho kilikwisha kupokea wanawake tangu 1875, alipoingia Mwingereza Mary Scharlieb na wenzake watatu, lakini mwanamke wa Kihindi darasani bado alikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Alimaliza 1912 kwa alama za juu na medali, akaanza kazi ya udaktari katika hospitali ya serikali ya wazazi pale Madras.

Mwaka 1914 akaolewa na daktari mwenzake, Dkt. Sundara Reddy, na alimpa masharti kabla ya ndoa: amheshimu kama mtu aliye sawa naye, na asimzuie kufanya anachotaka. Bwana akakubali. Kwa mwaka 1914 hilo si jambo dogo, na hata leo sijui ni wangapi kwenye mabweni yetu wangekubali!

Kwa nini aliondoka wodini

Kazi yake ilikuwa wanawake na watoto. Kila siku alikutana na matokeo ya mambo yaliyotendeka mbali na hospitali. Msichana aliyeozwa akiwa mtoto anafika kujifungua kabla mwili haujakomaa. Daktari atamwokoa huyu, mwezi ujao analetwa mwingine. Mtoto wa maskini anatibiwa, anarudi nyumbani kwenye njaa ile ile, anaugua tena.

Mwaka 1925 alikwenda Uingereza kwa ufadhili wa serikali kusoma zaidi magonjwa ya wanawake na watoto. Akiwa nje, mambo nyumbani yalikuwa yanabadilika. Jimbo la Madras lilikuwa limewapa wanawake haki ya kupiga kura tangu 1921, kwa wale wenye mali ya kutosha kama ilivyokuwa kwa wanaume, na mwaka 1926 likawafungulia pia mlango wa kuwa wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka huo huo Kamaladevi Chattopadhyay aligombea, akakosa kwa kura chache. Chama cha wanawake, Women's Indian Association, kikapendekeza wanawake wateuliwe, na jina la Muthulakshmi likapita.

Tuwe wakweli: hakuchaguliwa na wananchi, aliteuliwa. Yeye mwenyewe alisitasita, akiogopa siasa zitakula muda wa wagonjwa wake. Lakini alipoingia, wajumbe wenzake, wote wanaume, walimchagua kwa kauli moja kuwa Naibu Rais wa Baraza, cheo tunachoweza kukilinganisha na naibu spika. Hiyo ilikuwa Januari 1927. Alikuwa na miaka 40.

Hakwenda kukalia kiti tu. Alidai watoto wa shule wapimwe afya. Alidai hospitali ya watoto, na nafuu ya ada kwa wasichana maskini. Alipigania umri wa kuoa na kuolewa upandishwe, na mwaka 1929 sheria ya India nzima ikaweka miaka 14 kwa wasichana na 18 kwa wavulana. Kwetu miaka 14 ni mtoto. Wakati ule hata hiyo ilipingwa vikali kwa jina la dini.

Wagonjwa waliokataa dawa

Novemba 1927 akaleta hoja iliyomgusa zaidi: serikali ipige marufuku kuwaweka wasichana wakfu hekaluni. Mwaka 1929 ikapita sheria ya kwanza. Iliondoa kifungo kati ya ardhi na utumishi wa hekalu, ili devadasi aendelee kumiliki shamba lake bila kulazimika kumtoa binti yake arithi kazi. Ilikuwa hatua ya akili sana, kwa sababu ilishughulikia tumbo kabla ya kushughulikia tabia. Mwaka 1930 akaleta muswada wa kuyakataza kabisa mambo ya wakfu.

Upinzani ukaja kutoka pande mbili. Upande wa kwanza ulikuwa wa wanaume waliotetea mila, akiwemo mwanasiasa mashuhuri wa chama cha Congress, S. Satyamurti. Hawa hawashangazi.

Upande wa pili ulikuwa wa devadasi wenyewe. Walikuwa na chama chao Madras, wakaandika hati za malalamiko kwa serikali. Mmoja wao alikuwa Bangalore Nagarathnamma, mwimbaji na mwanazuoni aliyechapisha upya mashairi ya mwanamke wa karne ya 18, na ambaye kwa mali yake alimjengea kaburi la heshima mtunzi mkubwa Tyagaraja. Hoja yao ilikuwa nzito. Kwamba wao si malaya. Kwamba wana elimu, sanaa na haki ya kurithi ambazo wanawake walioolewa hawana. Kwamba kama kuna waliopotoka, wapewe elimu, siyo kufutwa wote kwa kalamu.

Lakini pia walikuwepo wanawake kutoka humo humo waliomuunga mkono. Moovalur Ramamirtham, aliyekuwa wa jamii hiyo, alizunguka akiupinga utaratibu huo kwa nguvu, na mwaka 1936 akaandika riwaya kuufichua. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema devadasi wote walitaka hivi au vile.

Nani alikuwa sahihi? Nimelifikiria sana swali hili. Kwa mtoto anayefungwa kidani kabla hajajua maana yake, mimi niko na Muthulakshmi moja kwa moja. Mtoto hana sauti hekaluni, na mtu mzima kuyapenda maisha yake hakumpi haki ya kumchagulia mtoto. Ila kwa wale waliokwisha kuwa watu wazima, naona Nagarathnamma alikuwa na kesi, na sidhani kama alisikilizwa vya kutosha. Kilichotokea baadaye kinaonesha hivyo. Ngoma yao iliyodharauliwa ilipewa jina jipya, Bharatanatyam, na mwaka 1935 Rukmini Devi, mwanamke wa tabaka la juu, akaicheza jukwaani Madras. Ikawa fahari ya taifa. Wengi wa wanawake walioilinda kwa vizazi hawakuonekana tena kwenye jukwaa hilo, na aibu ya jina la zamani ikabaki kwao.

Mlango wa nyumbani

Mwaka 1930 Gandhi alikamatwa katika harakati za chumvi. Muthulakshmi akajiuzulu kupinga. Muswada wake ukabaki bila mama. Sheria kamili ya kukataza wakfu ilipita Madras mwaka 1947, miaka 17 baadaye.

Ila kilichomtokea baada ya kujiuzulu ndicho ninachokipenda kuliko hotuba zote. Wasichana wachache wa jamii ya devadasi walifika nyumbani kwake kuomba hifadhi. Walitaka kusoma. Akawatafutia nafasi mabwenini, hakuna aliyewataka, kwa sababu ya asili yao. Kumbe sheria unaweza kuitunga, lakini nani atampokea huyu binti leo usiku? Akawaweka nyumbani kwake. Hapo ndipo ilipoanzia Avvai Home, makazi na shule ya wasichana, iliyopewa jina la Avvaiyar, mshairi wa kike wa Kitamil wa zamani. Ipo mpaka leo.

Deni la pili alilolibeba lilikuwa la dada yake mdogo, aliyefariki kwa kansa mwaka 1923 baada ya ugonjwa kuchelewa kutambuliwa. Mwaka 1935, kwenye sherehe za miaka mia ya Chuo cha Udaktari cha Madras, alitangaza nia ya kujenga hospitali ya kansa. Wakati ule wengi waliona kansa ni hukumu ya kifo tu, kwa nini upoteze fedha? Alizunguka na bakuli la michango miaka mingi. Mwaka 1952 Waziri Mkuu Nehru akaweka jiwe la msingi, na mwaka 1954 Cancer Institute ikafunguliwa Adyar, Madras, ikiwa na vitanda 12. Mwanawe, Dkt. Krishnamurthi, akaisimamia, akaungana naye daktari kijana Dkt. V. Shanta aliyekaa pale maisha yake yote. Leo ni moja ya hospitali kubwa za kansa India.

Serikali ilimtunuku nishani ya Padma Bhushan mwaka 1956. Alifariki tarehe 22 Julai 1968, zikiwa zimebaki siku chache atimize miaka 82.

Kwetu sisi

Wengi wetu tunaosoma ukurasa huu tutakuwa walimu, manesi, maafisa ustawi, wanasheria. Tutakutana na mambo ambayo chaki na sindano haviyawezi, na baadhi yetu tutajaribu siasa. Sioni ubaya. Daktari anayeona watoto wanazaa watoto halafu akasema siasa si kazi yangu, huyo ndiye wa kumshangaa.

Ila tukumbuke tofauti moja. Mgonjwa wodini anaweza kukataa kidonge, daktari akakaa naye akamweleza. Sheria haina subira hiyo, ikipita imepita. Muthulakshmi alipata nguvu kubwa mapema kuliko wanawake wengi wa nchi yake, na nadhani kazi yake iliyotulia zaidi ni ile aliyoifanya pale msichana mwenyewe alipogonga mlango akasema anachokitaka. Kabla hujaandika hoja ya kuwaokoa watu, hata kama ni hoja ya baraza la wanafunzi kuhusu wenzetu wanaopika vyumbani au wanaokaa mitaani, nenda kawasikilize kwanza, na zaidi wale wanaokupinga.

Anayeona kwamba namwonea mama wa watu, kalamu iko wazi. Tukutane toleo lijalo.