Julai Mosi na Mtu Asiyeifikia: Maisha ya Mwanamfalme Louis Rwagasore

Kila inapofika tarehe 1 Julai, Warundi huadhimisha siku ambayo nchi yao ilipata uhuru mwaka 1962. Viongozi hupanda kilima cha Vugizo, jijini Bujumbura, kuweka mashada ya maua kwenye kaburi la Mwanamfalme Louis Rwagasore. Ndiye anayekumbukwa kuwa shujaa wa uhuru huo, ingawa siku Ubelgiji ilipokabidhi madaraka alikuwa amekwisha kuuawa zaidi ya miezi minane kabla.

Rwagasore alizaliwa Gitega tarehe 10 Januari 1932, akiwa mtoto wa Mwami Mwambutsa wa Nne. Nchi ilikuwa sehemu ya Ruanda-Urundi, eneo ambalo Wabelgiji waliliteka kutoka kwa Wajerumani wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Alisoma Astrida, mji wa Rwanda uitwao sasa Huye, kisha akaenda Ubelgiji kwa masomo ya juu. Aliporejea mwaka 1956, watawala walitarajia kwamba angekuwa mtumishi mtiifu wa serikali ya kikoloni. Haikuwa hivyo.

Mwaka 1957 alianzisha ushirika wa wafanyabiashara Waafrika mjini Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa zama hizo. Nia ilikuwa kuwawezesha kununua na kuuza bidhaa bila kuwategemea wageni walioshika biashara ya jumla. Ushirika ulielemewa na madeni, lakini ulimpatia jambo ambalo jumba la kifalme lisingeweza kumpa: imani ya watu wa mjini. Miongoni mwa waliomuunga mkono mapema walikuwa Waswahili wa Buyenzi, wengi wao Waislamu, ambao baadhi yao walikuwa na asili ya Kongo na Tanganyika. Mitaa yao ilikuwa imetengwa nje ya mamlaka ya machifu, na sauti yao haikusikika katika mabaraza ya nchi. Kwa mwana wa mwami kuketi pamoja nao na kuzungumzia biashara na siasa lilikuwa jambo geni.

Kutokana na harakati hizo kilizuka chama cha UPRONA, kilichodai uhuru wa haraka chini ya kiti cha mwami. Rwagasore alijitahidi kukifanya kiwe chama cha Wahutu, Watutsi, Waganwa na Waswahili kwa pamoja, wakati ambapo Rwanda jirani ilikuwa imeanza kumwaga damu kwa misingi ya ukabila. Ng'ambo ya pili ya mpaka alipata urafiki na msaada wa Julius Nyerere na chama cha TANU.

Wabelgiji walimwona kuwa hatari. Mwaka 1960 jamaa wa karibu wa mwami walikatazwa kushiriki siasa, na kabla ya uchaguzi wa tarafa mwishoni mwa mwaka huo Rwagasore akawekwa katika kizuizi cha nyumbani. Chama pinzani cha PDC, kilichopendelewa na watawala, kiliishinda UPRONA katika uchaguzi huo. Umoja wa Mataifa ukashinikiza mageuzi, naye akaruhusiwa kurudi uwanjani. Tarehe 18 Septemba 1961 wananchi walipopiga kura ya bunge, UPRONA ilitwaa viti 58 kati ya 64.

Katika hotuba yake baada ya ushindi hakujigamba mbele ya walioshindwa. Aliwahimiza wananchi wadumishe amani na nidhamu, akawataka waipime serikali mpya kwa matendo yake. Hawakupata nafasi ya kumpima. Alikuwa waziri mkuu kwa wiki mbili tu. Jioni ya tarehe 13 Oktoba 1961, akiwa katika Hoteli Tanganyika mjini Usumbura, alipigwa risasi na kufariki. Alikuwa na umri wa miaka 29.

Aliyefyatua risasi, Mgiriki Jean Kageorgis, alitekelezewa hukumu ya kifo tarehe 30 Juni 1962, siku moja kabla ya uhuru. Januari 1963 watu wengine watano, wakiwemo vigogo wa PDC, walinyongwa Gitega. Nafasi ya maafisa wa Ubelgiji katika njama hiyo ingali ikijadiliwa na wanahistoria.

Pengo aliloliacha halikuzibika. Wakuu wa UPRONA waligombania urithi wake, na mgawanyiko wa Wahutu na Watutsi ukapenya ndani ya chama alichokijenga ili kuuzuia. Waziri Mkuu Pierre Ngendandumwe aliuawa Januari 1965, ufalme ukapinduliwa mwaka uliofuata, na mwaka 1972 nchi ikatumbukia katika mauaji makubwa.

Ndiyo maana safari ya Vugizo ina uzito kuliko gwaride. Kuondoka kwa Wabelgiji kulikuwa nusu ya kazi aliyoikusudia Rwagasore. Nusu ya pili ilikuwa kuwafanya Murundi wa mlimani na Mswahili wa Buyenzi, Mhutu na Mtutsi, wajione wenye nchi kwa haki sawa. Kipimo alichokiacha Septemba 1961 hakikuwahusu mawaziri wake peke yao, na kila Julai Mosi wanaosimama mbele ya kaburi lake hupimwa kwacho.