Hayati Moinuddin Dagar na Nduguye

Ndugu wasomaji mlioko malindoni kati ya Palma na Mocímboa da Praia, bahari mnayoitazama kila siku ndiyo iliyowaleta wafanyabiashara wa Kihindi hadi Ibo tangu karne nyingi. Nguo zao twazijua. Uimbaji wao wa kale ni wachache waujuao. Leo twasimulia maisha ya bingwa wake mmoja.

Nasir Moinuddin Dagar alizaliwa India mwaka 1919, katika ukoo wa waimbaji wa dhrupad. Uimbaji huo ulishamiri katika jumba la Mfalme Man Singh Tomar wa Gwalior, mwishoni mwa karne ya 15. Mwimbaji huanza pasipo ngoma wala maneno yenye maana. Hutamka silabi tupu, akipanda polepole kutoka sauti za chini, na pengine saa nzima hupita. Nyuma yake tanpura, chombo cha nyuzi, hulia bila kukoma. Ngoma ya pakhawaj huingia baadaye, shairi lenyewe lianzapo. Askari aliyewahi kulinda zamu usiku kucha ataelewa subira itakiwayo.

Baba yake, Nasiruddin Khan, aliimba katika jumba la mtawala wa Indore. Alifariki mwaka 1936, Moinuddin akiwa kijana wa miaka kama 17 na nduguye Aminuddin miaka 13 hivi. Elimu hiyo hupita kinywani mwa mzee hadi sikioni mwa mtoto, na sasa mzee hayupo. Vijana hao wakaenda kujifunza kwa wazee wengine wa ukoo, miongoni mwao Riyazuddin na Ziauddin.

India ilipojitawala mwaka 1947, watawala wa majimbo wakapoteza enzi zao, na waimbaji wao wakakosa riziki. Tena watu wengi walikwisha kupendelea khayal, mtindo mwepesi zaidi. Ndugu hawa wakaitoa dhrupad majumbani mwa wafalme, wakaipeleka mbele ya umma. Mmoja alipoishia, mwenzake alidakia hapo hapo, hata sauti mbili zikawa kama moja.

Wao walikuwa Waislamu, na mashairi mengi waliyoimba yalisifu miungu ya Kihindu. Ukoo wenyewe husimulia kuwa mababu zao walikuwa Wabrahmani. Katika nchi iliyomwaga damu nyingi kwa ajili ya dini mwaka 1947, waliendelea kuimba mashairi hayo, nasi twaona huo ni ushujaa usiohitaji bunduki.

Mwaka 1964 waliimba Berlin, na sauti zao zikanaswa huko; kanda hizo zimetolewa kwa umma miaka ya karibuni. Miaka miwili tu baadaye, mwaka 1966, Moinuddin akafariki dunia, bado hajafikia uzee. Wadogo zao, Zahiruddin na Faiyazuddin, nao wakashika uimbaji wa wawili wawili. Aminuddin akabaki peke yake, akaendelea kuimba na kufundisha mjini Calcutta hadi alipofariki mwaka 2000.