Berthold: Daktari wa majogoo sita

Mfugaji anayehasi madume yake anajua vizuri matokeo yake. Fahali mkorofi anakuwa mpole, anakubali jembe, ananenepa na hahangaiki tena na majike ya jirani. Watu wamefanya hivyo kwa maelfu ya miaka. Lakini kwa nini kiungo kilichopo nyuma ya mnyama kibadilishe tabia inayotoka kichwani? Aliyepata jibu la kwanza la uhakika ni Mjerumani mmoja, Arnold Adolph Berthold, na alilipata bandani kwa kuku.

Berthold alizaliwa mwaka 1803 katika mji wa Soest. Alisomea udaktari Chuo Kikuu cha Göttingen, akahitimu mwaka 1823, na hatimaye akawa profesa hapo hapo. Mwaka 1829 alitoa kitabu cha kufundishia jinsi mwili unavyofanya kazi. Mwaka 1834 yeye na mkemia Robert Bunsen, yule ambaye wanafunzi wetu wanamjua kwa taa ya maabara, walitangaza dawa ya kuokoa waliokula sumu ya aseniki. Alisimamia pia mkusanyiko wa wanyama wa chuo. Kwa hiyo hakuwa mtu wa kubahatisha.

Agosti 2, 1848 alichukua mapora sita, wa umri wa miezi miwili hadi mitatu. Kwa faida ya wasiofuga kuku, korodani za jogoo haziko nje kama za fahali au beberu. Ziko ndani, karibu na uti wa mgongo, na kuzitoa ni upasuaji kamili. Mapora wawili waliondolewa zote mbili. Wawili waliachiwa moja moja. Wawili wa mwisho ndio waliokuwa kiini cha jaribio: aliwatoa zote, kisha akachukua korodani moja ya kila mmoja na kuiweka tumboni mwa mwenzake, katikati ya utumbo.

Wale wawili wa kwanza walikua wanene na waoga. Upanga na ndevu zao vilibaki vidogo vyenye rangi hafifu, kuwika kwao hakukuwa kuwika, na mitetea hawakuwashughulisha. Wanne waliobaki wakawa majogoo hasa. Waliwika, walipigana, waliwafuata na kuwapanda mitetea, na vichwa vyao viliwiva wekundu. Hata wale wawili waliobeba korodani ya kuazima!

Alipowapasua alikuta korodani ile ya kuazima imejishikiza kwenye utumbo na kujiotea mishipa ya damu. Mishipa ya fahamu iliyokuwa ikiiunganisha hapo awali ilikuwa imekatika na haikuunganika tena. Hapo ndipo ulipo uzito wa jambo lenyewe. Wataalamu wa wakati huo waliamini kuwa viungo huwasiliana kwa mishipa ya fahamu. Berthold alihitimisha kuwa korodani huingiza kitu katika damu, na damu hiyo hukipeleka mwili mzima, kichwani na kooni pia.

Mwaka 1849 alichapisha habari hizo katika kurasa nne tu. Hakuna aliyeshtuka. Mwenzake wa chuoni, Rudolph Wagner, alijaribu kurudia upandikizaji ule akashindwa, na kushindwa huko kulitosha kuizima habari yenyewe. Inashangaza kwamba Berthold naye hakuendelea kuipigania. Pengine shughuli nyingine zilimbana. Alifariki dunia mwaka 1861, mjini Göttingen. Neno homoni lilikuja mwaka 1905, kwa mdomo wa Mwingereza Ernest Starling, miaka 44 baada ya kifo chake.

Kuku ndio waliomrudishia heshima. Huko Chicago, mji wa machinjio makubwa, Fred Koch na mwanafunzi wake Lemuel McGee walikusanya korodani za mafahali, na mwaka 1927 wakatoa taarifa kuwa karibu kilo 18 ziliwapa miligramu 20 tu za dawa. Walijuaje kuwa ndiyo yenyewe? Waliwadunga majogoo waliohasiwa, upanga uliosinyaa ukaota upya. Kukua kwa upanga kukawa kipimo cha maabara. Mwaka 1935 kundi la Ernst Laqueur mjini Amsterdam lilipata homoni yenyewe ikiwa safi, likaiita testosteroni. Mwaka huo huo Adolf Butenandt na Leopold Ruzicka waliweza kuitengeneza, kila mmoja kwa njia yake. Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1939 ilikwenda kwao.

Swali la kichwani lilisubiri zaidi. Mwaka 1969 Mmarekani Ronald Barfield alionyesha kuwa chembe ya testosteroni ikiwekwa mahali maalumu ndani ya ubongo wa jogoo aliyehasiwa, jogoo huyo anarudia kupanda mitetea. Hata hivyo, dume aliyehasiwa akiwa mkubwa, ambaye ameshazoea majike, anaweza kuendelea kupanda kwa muda baada ya kisu kupita.